Mkono Mmoja wa Rangi Nyekundu

Kwa jumla mambo haya yamenigharimu nusu kopo la rangi nyekundu, brashi ya kuazima, siku kumi na moja za kutofungua meza yangu sokoni, na dada mmoja. Nimehesabu mara mbili. Nyumba sijaitia kwenye hesabu kwa sababu bado imesimama, ingawa kwenye karatasi ya injinia tayari iko mtoni.

Huyo dada hatukuzaliwa tumbo moja. Kambini Uganda, mama yangu na mama yake waliandikwa kwenye kadi moja ya chakula kwa sababu karani alikuwa amechoka kuandika, na tangu siku hiyo tukawa watu wa nyumba moja: unga mmoja, sufuria moja, mkeka mmoja. Sisi wawili ndio tuliokuwa tukipanga foleni. Yeye alishika kadi, mimi nilishika gunia na kuhesabu vikombe, maana vikombe vya karani yule havikuwahi kujaa. Tuliporudi Juba, mama yangu alikuta kiwanja cha baba yake bado kipo, safu ya kwanza kutoka mtoni, upande wa mtaa wa Juba Na Bari. Dada yangu alinunua safu ya tatu, pale ardhi inapoanza kupanda. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua themanini na nne. Nikiwa na haraka, sabini na tisa.

Mwaka ule wa maji mto haukuja na kelele. Asubuhi tuliamka viatu vinaelea. Kwangu maji yalifika magotini. Kwa jirani wa kushoto yalikuwa hivyo hivyo, upungufu wa vidole viwili. Kwa dada yangu yalifika kizingitini, yakachungulia ndani, yakarudi. Hayo ndiyo yaliyotokea, na ninaomba uyakumbuke, kwa sababu sasa ni mimi peke yangu ninayeyasema.

Maji yalipoondoka, baada ya wiki mbili akaja karani wa shirika fulani la misaada. Karatasi yake ilikuwa na sheria fupi: nyumba iliyofikiwa na maji magotini inapata blanketi, nyumba iliyofikiwa kiunoni inapata turubai, nguzo na misumari. Akasema atarudi baada ya siku tatu kuandika alama ya maji kwenye kila ukuta.

Sasa wewe mweleze mtu ambaye paa lake limeanguka kwamba goti lake ni fupi.

Tulikutana chini ya rakuba, kile kibanda cha matete tunachokalia mchana wa jua, na watu wote wakanitazama mimi. Mimi nauza vitenge. Kwenye vitenge hakuna mtu anayetaja bei ya kweli kwanza. Unataja ya juu, mteja anacheka, anakuita mwizi, anaondoka hatua tano, unamwita, anarudi, mnakutana katikati, na kila mmoja anakwenda kwake akiamini amempata mwenzake. Mimi huo siuiti uongo. Mteja anayelipa bei ya kwanza ndiye anayenitia wasiwasi.

Kwa hiyo nikasema tuongeze mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kama wazee walivyokuwa wakipima kitambaa. Karani akija atabisha, atashusha nusu, tutabaki kwenye paja, halafu tutabishana naye kutoka kwenye paja kwenda kiunoni. Jirani wa kushoto akauliza, "Mkono ya nani? Mimi iko na mkono refu." Watu wakacheka, na ikaamuliwa mkono uwe wangu, ili mwenye mkono mrefu asipate turubai kubwa kuliko wenzake. Tukasugua matope ukutani kwa brashi na maji, na nyumba kwa nyumba nikaweka kiwiko pale maji yalipofikia, nikapiga mstari mwekundu pale kidole kilipoishia. Safu ya kwanza na ya pili ni nyumba ishirini na tatu. Wa safu ya tatu nao wakasema hawawezi kukaa bila hata blanketi, nikawapigia mstari kutoka kizingitini, wakapata goti lao. Dada yangu naye nilimpigia. Alinishikia kopo.

Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya mtaa, mwenye daftari na sahihi. Nikamwambia aandike namba zote mbili: ya kweli kwa penseli, ya rangi kwa kalamu. Sokoni naandika bei niliyonunulia pembeni ya bei ninayouzia, vinginevyo baada ya miezi miwili sijui kama napata au napoteza. Akaandika vizuri, kwa mwandiko wake wa shule ya kambini, herufi zimelala upande mmoja.

Karani akarudi. Akatazama mstari, akaandika, akapita. Hakucheka, hakumwita mtu mwizi, hakushusha hata kidole kimoja. Kiunoni, kiunoni, kiunoni, mara ishirini na tatu. Dada yangu akatia sahihi chini ya orodha. Turubai zikaja, tukafurahi, na mimi nikabaki na ile hali ya mtu aliyetaja bei na mteja akalipa palepale. Unapokea, lakini unajiuliza umekosea wapi.

Nilijua nilipokosea mwaka huu, ilipokuja habari ya kuuzuia mto kwa tuta la udongo.

Mikutano ilifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Injinia alikuwa Mkenya, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, kofia ya plastiki mkononi muda wote kama mtu anayesubiri kuombewa. Alijua Kiswahili na Kiingereza. Darasa lilijua Kiarabu cha Juba na mapigano. Wakaniweka mimi katikati nifasiri. Nilifasiri kwa haki, ila matusi niliyapunguza bei.

Kila mtu alikuja na mto wake kichwani. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu anayeishi kule Bilpam, kwenye makao ya jeshi, lakini ana nyumba ya kupangisha kwetu, alisimama wa kwanza.

"Haya maji ni ya Uganda. Wanafungua mageti yao huko juu, sisi tunaogelea. Twende tukawaambie wafunge."

"Utakwenda na nani, mzee?" mama mmoja akamuuliza.

"Na yeyote mwenye pasi."

"Basi utakwenda peke yako na wapangaji wako."

Mwalimu mmoja akasema dawa ni bwawa: lijengwe bwawa kubwa juu ya mto, lishike maji ya mvua, liyatoe kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na umeme tupate. Alisema vizuri, watu wakapiga makofi, mpaka akasimama mkulima wa Rejaf aliyekuja kwa pikipiki kwa ajili ya neno hilo moja. "Bwawa lenu litakaa wapi? Juu ya mto ni kwangu. Ninyi mlale pakavu, mihogo yangu ijifunze kuogelea?" Akageuka upande wa injinia. "Na hilo tuta lenu pia. Mkiuziba mto hapa, mtayasukuma maji ng'ambo. Maji hayapotei, bwana. Yanahama tu, kama sisi."

Nikafasiri. Injinia akaandika, akasema kwa upole, "Mwambie mzee nimemsikia. Lakini hii pesa ni ya tuta peke yake. Bwawa ni stori ya serikali na serikali."

Kisha akatandaza ramani juu ya meza ya mwalimu, na nilikuwa karibu kuliko wote, kwa hiyo niliona kabla ya wote. Mstari wa tuta haukupita ukingoni mwa mto. Ulipita kati ya safu ya pili na ya tatu. Nyumba ishirini na tatu zilikuwa upande wa maji.

"Injinia," nikamwambia, kwa Kiswahili, sauti ya chini, "hapa kalamu imeteleza."

"Haijateleza, mama. Alama zenyewe ndizo zinasema. Maji yakifika kiunoni, hapo tunahesabu ni mto, na siwezi jenga tuta ndani ya mto. Tulipewa orodha na wale watu wa misaada, tukakuja na mashine tukapima zile alama nyekundu zenu moja moja. Zinaingiana zote, hata sentimita mbili hazipishani. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona watu wameweka alama safi namna hiyo."

Huo ulikuwa mkono wangu anaousifu.

"Na kama maji yangekuwa yamefika magotini?"

Akafikiri. "Magotini? Hapo tuta lingekaa ukingoni, mbele yenu. Hata ingekuwa rahisi."

Darasa zima lilikuwa linanisubiri nifasiri. Nikafasiri ramani. Ya magoti nikaiweka mfukoni.

Nilipita mlangoni kwangu bila kuingia. Nilikwenda moja kwa moja kwa dada yangu, hatua sabini na tisa, nikamkuta barazani anachambua mlenda. Nikamweleza yote. Akachambua majani mengine manne kabla ya kujibu.

"Unataka nini?"

"Tuseme ukweli. Lete daftari, aone penseli."

"Watatufunga."

"Kwa turubai ambazo zimeshaoza?"

"Turubai zimeoza. Sahihi yangu haijaoza."

Nikamwambia nitasimama mimi. Nitasema wazo lilikuwa langu, mkono ulikuwa wangu, rangi ilikuwa yangu. Yeye aliandika tu alichoambiwa. Asitie neno, alete daftari tu. Akatazama upande wa mto, ambao kutoka kwake hauonekani kwa sababu nyumba zetu zinaukinga.

"Jumamosi," akasema. "Nitaleta."

"Apa."

"Kwa ile kadi ya mama zetu."

Sikuhitaji kiapo kingine. Nilipotoka niliona kando ya geti lake rundo la matofali ya saruji limefunikwa nailoni. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni ya choo. Nikahesabu nikipita: mia mbili na kumi. Nikahesabu tena. Nikajisemea kuwa dada yangu anajenga choo cha heshima, nikaendelea na safari yangu. Mimi niliyehesabu vikombe vya karani, sikuhesabu hilo.

Jumamosi darasa lilijaa hadi madirishani. Nikasimama, nikasema kwa Kiarabu cha Juba kwanza ili majirani wasiseme nimewauza kwa lugha wasiyoijua. Nikasema goti, nikasema mkono, nikasema rangi. Kisha jirani wa kushoto akainuka.

"Huyu mama ya vitenge anataka turubai irudi? Mimi yangu nilishauza. Mimi hapana rudisha!"

"Hakuna anayetaka turubai," nikamjibu. "Nataka tuta lipite mbele ya mlango wako, si nyuma ya kitanda chako. Kaa."

Akakaa. Nikayarudia yote kwa Kiswahili. Injinia alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mgonjwa.

"Mama, naelewa. Hakuna mtu anapenda kuachwa nje ya tuta. Kila mahali nimejenga, watu wa safu ya mbele huniambia maji yalikuwa madogo. Siwezi chora tuta na maneno. Kuna kitu imeandikwa?"

"Ipo. Ya kweli kwa penseli, ya uongo kwa kalamu. Katibu anayo."

Dada yangu alikuwa amekaa dawati la tatu, amevaa kitenge nilichomkatia mwenyewe Krismasi, mikono yake mitupu juu ya dawati. Akasimama.

"Daftari lilienda na maji."

"Maji gani?" nikauliza. Nilisahau kuwa mimi ndiye mfasiri. Nilimuuliza tu, kama mtu na dada yake.

"Ya mwaka uliofuata."

Mwaka uliofuata maji hayakufika hata safu ya pili. Kila mtu pale ndani alijua hivyo. Nikageuka nikawatazama majirani zangu, nyumba ishirini na tatu za watu, nikisubiri mmoja afungue mdomo. Walikuwa wanawaza turubai. Nikamfasiria injinia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyokubali: anasema daftari lilichukuliwa na maji, lakini maji hayajawahi kuingia nyumbani kwake.

Injinia akapekua karatasi zake, akaweka kidole. "Hapana, mama. Nyumba ya katibu iko na alama. Goti. Maji huingia pale."

Ni kweli alama ilikuwepo. Niliipiga mimi, na yeye alinishikia kopo.

Dada yangu akakaa, hakunitazama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Khalas, tuendelee," na mkutano ukaendelea. Walijadili mahali pa kuchimba udongo wa tuta, na kama malori yatavunja barabara, na nani atapewa kazi ya kubeba. Nilifasiri mpaka neno la mwisho.

Siku ya tatu dada yangu alikuja kwangu mchana na kilo mbili za sukari. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akamsalimia kama siku zote, akamwita "binti yangu". Mimi nilikuwa nakunja vitenge. Nilivikunja, nikavikunjua, nikavikunja tena.

"Nimekuokoa," akasema. "Ungesimama mahakamani na ulimi wako huo, wangekuongezea miaka."

"Ahsante."

"Usiniambie ahsante kwa namna hiyo. Sahihi ni yangu. Jina lako haliko popote kwenye karatasi zile, unajua?"

"Najua. Daftari liko wapi?"

"Nimeshasema."

"Pale shuleni ulisema kwa ajili ya watu. Hapa tuko wawili na mama."

Kisha akasema, kwa haraka, kama anayetua mzigo, "Mama atahamia kwangu. Wewe pia. Nina chumba."

"Chumba kipi?"

"Kile kipya."

"Kumbe choo cha matofali mia mbili na kumi kimepata chumba. Na duka pia kimepata?"

Hapo akakasirika, na alipokasirika akasema kweli. Juu ya tuta itapita barabara, na barabara itapita mlangoni pake; ramani aliiona kabla yetu, kama katibu. Ameanza duka. "Maisha yangu yote nimekaa mahali ambapo watu hawapiti. Kambini tulikuwa mwisho wa mstari. Hapa safu ya tatu, uchochoroni. Mara moja tu barabara inanifuata mimi, niiambie irudi? Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Nimelifikiria swali hilo kwa haki, maana si swali baya. Natafuta faida kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, na barabara mlangoni ningeitamani hata mimi. Ila ningekuwa yeye ningeanza kwa kuniambia. Tungebishana, ningemwita mwizi, angeondoka hatua tano, ningemwita, angerudi. Hakunipa hata nafasi ya kubishana. Aliniapia, akaniacha nisimame mbele ya watu, nijivue nguo mwenyewe kwa lugha mbili, wakati yeye alishajua tangu kwenye mlenda kwamba daftari haliji.

"Chukua sukari yako," nikamwambia.

"Iache hapo," mama akasema kutoka mlangoni. "Chai haijagombana na mtu."

Dada yangu akaondoka. Mama alisubiri hadi nyayo zisikike mbali, ndipo akasema, bila kunigeukia, kwamba amehama mara tatu kwa sababu ya bunduki na hatahama mara ya nne kwa sababu ya rangi. Kwamba mimi nikitaka niende, nimwachie jiko na redio.

Wiki iliyopita nikaanza kufunga vitu vyake kwa siri, kidogo kidogo, kwa kuwa mvua haitamuuliza maoni. Nikasogeza kabati lake la mbao, lile zito ambalo halijasogezwa tangu tulipolinunua. Mwaka wa maji lilikuwa limevimba tukaliacha hapo hapo. Nyuma yake ukuta haujasuguliwa. Mstari wa matope upo, wa kahawia, umekauka, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikamwita mama asimame kando yake. Ulifika kwenye goti lake. Nikapima kwa futi ya kupimia vitenge. Nikapima tena.

Huo injinia anaweza kuuwekea mashine yake. Hausemi kwa maneno wala hauhitaji katibu. Nyumba yetu ikiwa goti, basi zote ni goti, maana mkono ulikuwa mmoja; alisema mwenyewe zinaingiana. Tuta linaweza kurudi ukingoni.

Lakini nilimuuliza injinia kwa simu, kwa mzunguko, kama vile naulizia habari za mtaa mwingine: orodha ikionekana ni ya uongo inakuwaje? Akasema hapo si kazi yake tena, anaandika barua, na barua inakwenda kwa waliotoa misaada, na wao humtafuta aliyetia sahihi. Aliyetia sahihi ni mmoja. Mpiga rangi hatii sahihi. Naweza kwenda nikasema ni mimi, ndiyo, nilishasema mbele ya darasa zima, na umeona waliniamini vipi.

Nimewauliza watu wawili sokoni bila kutaja habari ni za nani. Muuza viatu akasema nyumba ni nyumba, anayekuacha mtoni umwache jela. Muuza mafuta akasema mtu mliyekula naye njaa humpeleki polisi, hata akikuzamisha. Wote wawili walijibu haraka mno, kama watu ambao hawana kitu pale.

Alhamisi saa nne asubuhi injinia anakuja kupigilia vigingi vya mwisho, na amenipigia nije kumfasiria. Dada yangu atakuwepo, katibu lazima awepo. Mama atakuwa amekaa mlangoni pake. Niwaongoze chumbani kwa mama nisogeze kabati mbele yao, au nimfasirie tu aliyokuja kusema kisha nimbebe mama yangu tuhame, kwa nguvu ikibidi? Wewe unayesoma, ambaye huna kiwanja huku wala hulali safu yoyote, ungefanya lipi? Niambie kabla ya Alhamisi.